Wazee wa Hadubini wa Maniema Kusini

Msomaji wa Ujiji au Kariakoo hahitaji kuelezwa Manyema ni wapi. Huenda babu yake alitokea huko. Hata hivyo nianze kwa utaratibu. Mkoa wa Maniema uko mashariki mwa Kongo, una zaidi ya kilomita za mraba 132,000, na makao yake makuu ni Kindu. Ulizaliwa mwaka 1988, Kivu ya zamani ilipogawanywa. Una wilaya saba, na mbili za kusini kabisa ni Kasongo na Kabambare. Sensa ya mwisho ya Kongo ilifanyika mwaka 1984, kwa hiyo hesabu za watu zinazotajwa leo ni makadirio, nami sitazirundika hapa.

Historia inajulikana. Kasongo ulikuwa mji wa mfanyabiashara Tippu Tip, na majeshi ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji yakiongozwa na afisa wake Dhanis yaliuteka Aprili 1893. Misikiti, mpunga na Kiswahili vimebaki. Watu hulima mpunga, muhogo na karanga, na hukamua mawese. Reli inapita Samba, ng'ambo ya mto Lualaba, lakini kuingoja treni kunahitaji subira. Dhahabu iko Kabambare, hasa Namoya na Salamabila.

Hayo yatosha, kwa sababu jambo lililonishika tangu nirudi kutoka safari ya huko ni jingine.

Kongo ni nchi ya watoto. Nusu ya watu wake hawajafika miaka 17, na waliovuka 65 ni kama watatu katika kila mia. Kasongo utaona hivyo hivyo: vijana sokoni, vijana juu ya pikipiki, vijana wakisukuma baiskeli zilizosheheni magunia. Ingia basi maabara ya kupimia malale. Niliyemkuta ameinamia hadubini alikuwa mzee mwenye mvi kichwa kizima, na waliomzunguka hawakuwa wadogo kwake kwa miaka mingi.

Malale ni ugonjwa wa kale huko. Mbung'o hufuata vivuli vya mito, na anayeumwa ni mkulima, mvuvi, mama anayeteka maji. Aina ya Kongo huenda polepole: mtu anaweza kuishi na vimelea miaka kadhaa kabla havijaingia kwenye ubongo. Ndiyo maana timu za kuzunguka zilifika kijiji kwa kijiji kuwapapasa watu tezi za shingo, kuwachoma kidole, na kuwatoa maji ya uti wa mgongo wale walioonekana wana vimelea. Kazi hiyo haisomwi kitabuni ikaisha. Mzee aliniweka kwenye hadubini nikaona damu tu.

"Mwanangu, usimtafute mdudu," akasema. "Angalia damu inatikisika wapi."

Nikatazama tena. Kipimo kilikuwa kimetengwa kwa kufundishia na hakikuwa na mdudu, lakini nilielewa alichotaka jicho langu lifanye: kimelea ni chembamba na hupita upesi, na kinachokifichua ni chembe za damu zinazosukumwa. Aliniambia kwamba ilimchukua miaka kuliamini jicho lake mwenyewe. Aliianza kazi hiyo enzi za mradi wa afya ambao Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp iliuanzisha Kasongo mwaka 1971, mradi uliowakabidhi wauguzi vituo vya afya na ukawa mfano wa zone za afya za Kongo nzima.

Kwa nini hajapumzika? Sheria ya Kongo ya mwaka 2016 inamtaka mtumishi wa Serikali astaafu akifika miaka 65. Lakini kustaafu bila kiinua mgongo ni kulala njaa, kwa hiyo wazee wanabaki. Na wakiondoka, nani ataketi pale? Wahudumu wengi wa afya hawamo katika orodha ya mishahara na wanaishi kwa ada za wagonjwa, huku mashimo ya Salamabila yakimlipa kijana jioni ile ile. Mzee alikuwa na wanafunzi wawili. Mmoja alikwenda kwenye dhahabu. Sikuweza kumlaumu.

Kinachotisha ni kwamba ushindi wenyewe unaharakisha hasara hii. Mwaka 1998 Kongo ilihesabu wagonjwa wapya wa malale zaidi ya 26,000. Mwaka 2018 hawakufika 1,000. Dawa ya zamani, melarsoprol, ilikuwa na sumu ya aseniki, na kati ya wagonjwa mia iliua kama watano. Mwishoni mwa 2018 viliidhinishwa vidonge vya fexinidazole, vya kumeza siku kumi. Lakini kabla ya vidonge lazima mtu amwone mdudu, na mtaalamu anayekaa mwaka mzima bila kumwona hupoteza jicho. Kongo imeshaonja hilo. Wakati wa uhuru wagonjwa walikuwa kama 1,000 kwa mwaka, timu zikasambaratika, na ugonjwa ukarudi kwa makumi ya maelfu.

Sasa tujitazame sisi Watanzania. Malale ya kwetu, ya Kaliua, Urambo na Kibondo, ni ya aina kali inayoua kwa miezi, pengine majuma. Kipimo cha kadi wanachotumia Kongo hakiitambui. Hadubini ndiyo tegemeo letu. Nasi tumefanya nini? Tumesambaza vipimo vya haraka vya malaria, jambo jema, lakini zamani mtaalamu aliyetafuta malaria kwenye slaidi alikutana na mdudu wa malale bila kumtarajia. Siku hizi slaidi hazitazamwi kama zamani. Tunamstaafisha mtaalamu akitimiza miaka 60, tunampa cheti na picha ya pamoja, na hakuna anayemwuliza nani amejifunza alichokijua. Wamanyema wanawashikilia wazee wao kwa sababu ya umaskini. Sisi tunawaachia kwa uzembe, na hilo ni baya zaidi.

Kuna linalowezekana. Tabora tuna kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) chenye historia ndefu ya malale. Kigoma yetu na Kalemie ya Kongo ziko pande mbili za Ziwa Tanganyika, na lugha ni moja. Vijana wachache wa maabara kutoka Kaliua na Kibondo, wakilipiwa nauli na posho, wangeweza kukaa Kasongo msimu mmoja karibu na wale wazee, na mwanafunzi yule aliyebaki akaja Tabora kuuona mdudu wetu. Malengo ya dunia yanataka maambukizi ya malale ya Kongo yakome ifikapo 2030. Yule mzee ana zaidi ya miaka sabini.