Je, Wajua? Meno ya Msumeno na Jiwe la Kunolea

Je, wajua kwamba ndani ya gogo la mvule huweza kujificha jiwe? Jiwe kweli, la kalsiamu kaboneti, lililojijenga ndani ya mti wenyewe. Kwa nje hulioni. Aghalabu fundi hulijua pale diski ya msumeno inapopiga kelele na jino kuruka.

Msaji nao una silika, madini yaleyale ya mchanga, ndiyo maana diski inayopasua paini bila shida huwa butu upesi ikifika kwake. Mnazi mzee ndio kiboko: ugumu wake uko nje, karibu na gome, na moyo wake ni laini. Anayeupasua kwa diski ya chuma tupu atashinda na tupa mkononi.

Je, wajua kwamba kabaidi ya tungsteni, ile inayobandikwa kwenye ncha za meno, haikubuniwa kwa ajili ya maseremala? Ilitoka kwa watengeneza balbu. Kampuni ya Osram ya Ujerumani ilikuwa ikitafuta kitu cha kushika nafasi ya almasi, ambayo ni ghali, katika kuvuta nyaya nyembamba za taa. Mwaka 1923 Karl Schröter akapata jibu: unga wa kabaidi uliogandishwa kwa metali kama kobalti. Kitu hicho kigumu hakipendi kishindo. Ukiibwaga diski juu ya meza ya chuma, jino humeguka kabla hujakata hata ubao mmoja.

Meno mengi si ubora. Diski ya inchi 10 ya kupasua kwa kufuata nyuzi hutosha kuwa na meno 24. Ya kukatiza nyuzi huwa na 60 hadi 80. Ukipasulia ile ya meno 80, unga hukosa pa kutokea, mbao inaungua na mota inalia. Duka litakuuzia ya meno 40 likisema inafanya yote. Inafanya, ila hakuna kazi inayoifanya vizuri sana. Mwenye uwezo anunue mbili.

Diski ya kawaida hula milimita 3.2 za mbao kila inapopita, nyembamba hula 2.4. Kwa mipasuo 25 umeokoa milimita 20, karibu unene wa ubao wa inchi moja. Lakini kwenye mninga mnene diski nyembamba huyumba, na mstari hupinda.

Je, wajua kwamba jiwe la kijani la kunolea lina asili ya mtu aliyekuwa akitafuta almasi? Mwaka 1891, huko Pennsylvania, Marekani, Edward Acheson alichoma udongo na kaboni kwa umeme akitaka almasi bandia. Akapata silikoni kabaidi. Jiwe la jamii hiyo, lile la kijani, hunoa kabaidi ya tungsteni; jiwe la kijivu linalokuja na mashine ya kunolea haliiwezi, litaisugua tu na kuipasha moto. Gurudumu la almasi ndilo bora zaidi kwa kabaidi. Usilipeleke kwenye chuma: kikipata joto, kaboni ya almasi huingia ndani ya chuma na gurudumu huisha bure.

Visu vya mashine ya randa vyenye mhuri wa HSS (chuma cha kukatia kwa kasi) vinataka jiwe jeupe, tena laini. Naam, laini! Chuma kigumu hutafuna ncha za chembe za jiwe. Jiwe laini huziachia chembe butu zidondoke, mpya zijitokeze. Jiwe gumu hung'ang'ania chembe zilizokufa, na kinachobaki ni joto. Patasi ya chuma cha kaboni ikigeuka bluu, makali yake yamelainika. HSS huvumilia hadi karibu nyuzijoto 600, ila usiitumbukize majini ikiwa moto, itapata nyufa usizoziona. Na visu vya kichwa kimoja cha randa vinolewe pamoja, vibaki na uzito sawa.

Kabla ya kulaumu makali, osha diski. Utomvu ulioganda kwenye meno huifanya iunguze mbao kana kwamba ni butu.

Je, wajua kwamba jiwe lenye ufa hujitangaza? Lining'inize, uligonge kwa mpini wa bisibisi. Jiwe kavu lililo zima hulia kama kengele. Lililopasuka hutoa mlio mfu. Hilo litupe.

Grenda ya inchi nne na nusu huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika, msumeno wa diski wa kushika mkononi wa inchi saba na robo karibu 5,000. Diski ya mbao imeandikwa mwendo wake wa juu kabisa, usome. Ukimkuta kijana wa karakana yako amefunga diski ya meno kwenye grenda, na kinga ameing'oa ili ienee, mwambie aifungue sasa hivi.