Kura ya Wote au Kura ya Wajumbe?

Chama cha wanafunzi kinapoandika katiba yake, mjadala mkali huwa juu ya madaraka ya rais. Lakini kuna swali linalotangulia: nani atamchagua huyo rais? Wanafunzi wote, au wajumbe wachache kwa niaba yao?

Waamini wa parokia wanaijua njia ya pili vizuri. Jumuiya ndogo ndogo huchagua viongozi wake, na hao ndio huingia katika uchaguzi wa ngazi za juu, hadi halmashauri ya walei ya parokia. Hapa Dodoma tuna mfano mwingine ambao wengi wanaukumbuka. Mwaka 1995, katika ukumbi wa Chimwaga, wajumbe wa Mkutano Mkuu wa CCM walimteua Benjamin Mkapa kugombea urais. Wanachama waliobaki nyumbani walisubiri matokeo redioni. Leo Chimwaga ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, na wanafunzi wake wana chama chao, UDOSO.

Jirani zetu wa Kenya walilifikisha suala hili bungeni. Marekebisho ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2016 yaliondoa kura ya moja kwa moja. Wanafunzi wa kila idara, shule au kitivo wachague wajumbe watatu, wasiwe wote wa jinsia moja, na wajumbe hao ndio wachague baraza la wanafunzi. Mwenyekiti na makamu wake nao wawe wa jinsia tofauti. Waliounga mkono walichoka na kampeni za fedha nyingi, ukabila na vurugu. Hoja hiyo ina uzito, na kipengele cha jinsia ni kizuri.

Tatizo liko kwenye hesabu. Chukua chuo chenye vitivo kumi: wajumbe ni thelathini tu. Anayetaka kununua uongozi hahitaji tena kuwashawishi maelfu ya watu, anahitaji kumi na sita. Tena kitivo chenye wanafunzi mia sita kinakuwa na kura sawa na chenye elfu sita, jambo ambalo wadogo watalifurahia na wakubwa hawatalisahau.

Kwa nini basi mfumo huohuo hausumbui sana katika jumuiya? Nadhani ni kwa sababu mjumbe wa jumuiya anakutana na waliomtuma kila wiki, sebuleni kwa mmoja wao. Akipotoka ataulizwa palepale, tena na mama aliyemjua tangu utoto. Mjumbe wa kitivo akishapiga kura yake, ataulizwa wapi? Wenzake wengine wako kwenye mazoezi ya kufundisha mikoani, wengine wako hospitali kwa mafunzo ya vitendo.

Waseminari waliokwisha kusoma Sheria ya Kanisa watakumbuka kanuni ya 174. Inaruhusu wapiga kura kumkabidhi mtu mmoja au wachache haki yao ya kuchagua, ila kwa sharti zito: wakubali wote, tena kwa maandishi. Kanuni ya 119 nayo inadai kwamba jambo linalomgusa kila mmoja binafsi likubaliwe na wote. Sheria hizi hazikifungi chuo cha serikali, lakini zinaonyesha jinsi Kanisa linavyoiheshimu kura ya mtu: haichukuliwi, mwenyewe ndiye huikabidhi. Wanafunzi wa Kenya hawakukabidhi. Sheria ya Bunge ndiyo iliyoamua.

Kwa chuo chenye ndaki zilizotawanyika, naona busara ni kutenganisha mambo mawili. Rais achaguliwe na wanafunzi wote, maana anasema kwa jina la wote. Viti vya bunge la wanafunzi vigawanywe kwa ndaki, ili mwanafunzi wa afya asimezwe na wingi wa wenzake wa elimu, na kila mbunge alazimike kikatiba kuitisha mkutano wa ndaki yake kila muhula. Uchaguzi usipangwe wakati wa mazoezi ya vitendo. Na atakayetaka kuubadili mfumo huo baadaye, aupeleke kwanza kwenye kura ya wanafunzi wote.