Nauli ya Mwenye Mashua ni Mshahara Wake



Nsambya ni mtaa uliojulikana zamani kwa nyumba zilizojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli. Sisi wa hapa twajua maana ya kungoja mshahara mwisho wa mwezi, na uchungu wa kukatwa bila sababu. Lakini siku ya mapumziko, tukishika barabara ya Ggaba, tukapita Kabalagala, Kansanga na Bunga hadi ziwani, baadhi yetu husahau uchungu huo.

Jumapili moja nilikuwa pale Ggaba. Kikundi cha watu kilikuwa kimekodi mashua iwapeleke kisiwani na kuwarudisha. Walifika wamechelewa saa mbili. Waliporudi jioni, msemaji wao akatoa nusu ya fedha walizopatana.

"Ssebo, tulipatana nauli kabla ya kuondoka," akasema mwenye mashua.

"Kwani haya maji uliyanunua? Chukua hizo, au uache."

Akazichukua. Angefanya nini? Safari ikishakwisha hairudishwi, kama vile siku ya kazi kiwandani au shambani isivyorudishwa.

Kweli, maji hakuyanunua. Lakini petroli alinunua, tena kwa fedha taslimu. Mbao zikioza ni juu yake, na injini ikiharibika ni juu yake. Kijana anayeteka maji yanayoingia mashuani naye hungoja ujira wake jioni hiyo hiyo. Tukimpunja mwenye mashua, tumempunja na kijana yule ambaye ni mfanyakazi mwenzetu.

Tena hasara hiyo hutafuta pa kufidiwa. Mwenye mashua aliyepunjwa leo hushawishika kesho kuongeza abiria watano, au kuahirisha kununua majaketi ya kuokolea. Ziwa halisamehe hesabu ya namna hiyo. Tarehe 24 Novemba 2018 mashua ya starehe, MV Templar, ilizama upande wa Mukono, ikaua watu zaidi ya 30. Ilikuwa imepakia kupita kiasi, wala haikuwa na leseni. Miezi miwili kabla, tarehe 20 Septemba, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, Tanzania. Kilitengenezwa kubeba watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 220.

Hatusemi kwamba wenye mashua hawana makosa. Anayepakia kupita kiasi kwa tamaa ya fedha hastahili kutetewa. Lakini abiria anayelazimisha kupanda mashua iliyojaa, au anayemcheka nahodha akimwambia avae jaketi, naye ana sehemu yake katika kosa hilo.

Basi, ndugu, yafaa tufanye haya. Tupatane nauli tukiwa nchi kavu, mbele ya mashahidi, na tukifika tulipe yote. Tufike kwa saa tuliyoahidi. Mashua ikijaa, tungoje nyingine. Isiyo na majaketi tuikatae. Nahodha akisema upepo ni mbaya, tusimwite mwoga.

Tunapodai haki kwa mwajiri, tunadai malipo kamili kwa kazi iliyokwisha kufanywa. Mwenye mashua hadai zaidi ya hilo. Siku ile tunapomkodi, waajiri ni sisi.