Metali Inayounga Mfupa Kisha Ikatoweka

Mfupa uliovunjika vibaya hautoshi kufungwa plasta tu. Mara nyingi daktari mpasuaji hulazimika kuvilinganisha vipande vyake na kuvishikiza kwa bamba na skrubu za chuma kisichoshika kutu au za titani. Baada ya miezi kadhaa mfupa huwa umeunga. Kazi ya bamba imekwisha, lakini bamba lenyewe lingali mwilini. Kwa baadhi ya wagonjwa, hasa watoto ambao mifupa yao ingali ikikua, hulazimu kulitoa kwa upasuaji wa pili. Hapo mgonjwa hupewa tena dawa ya usingizi, hukabili tena hatari ya vijidudu, huingia gharama nyingine na hukosa tena masomo au kazi. Je, haiwezi kupatikana metali itendayo kazi yake kisha ikajiondokea yenyewe?

Kwa nini magnesi?

Metali inayotazamiwa ni magnesi, ile ile ambayo wanafunzi huiona maabarani ikiungua kwa mwanga mweupe mkali. Magnesi si mgeni mwilini: mtu mzima anayo kiasi cha gramu 25, na zaidi ya nusu yake imo mifupani. Ziada yake huchujwa na mafigo na kutoka kwa mkojo. Tena ni nyepesi. Sentimita moja ya ujazo ina gramu 1.74, karibu sawa na mfupa mgumu, ilhali ya chuma cha pua hukaribia gramu 8. Magnesi hunepa kwa urahisi kuliko chuma cha pua au titani, na kwa hiyo huuachia mfupa sehemu ya mzigo wake. Jambo hili ni muhimu, kwa kuwa mfupa usiotwishwa mzigo hudhoofika.

Funzo la mwaka 1906

Wazo hili si jipya. Mwaka 1906 mpasuaji wa Ubelgiji, Albin Lambotte, aliunga mguu wa kijana wa miaka 17 kwa bamba la magnesi na misumari ya chuma iliyopakwa dhahabu. Baada ya siku 8 tu bamba lilikuwa limemomonyoka, na gesi nyingi imetuna chini ya ngozi.

Sababu yaelezwa na kemia ya shule:

Mg + 2H₂O → Mg(OH)₂ + H₂

Katika maji safi, haidroksidi hufanya utando unaoikinga metali. Lakini damu na majimaji ya mwili yana chumvi, na ayoni za kloridi huutoboa utando huo. Gramu moja ya magnesi ikilika yote hutoa karibu lita moja ya haidrojeni. Zaidi ya hayo, Lambotte alikuwa ametengeneza betri bila kukusudia: metali mbili zisizolingana zilizogusana ndani ya maji ya chumvi. Katika betri ya namna hiyo, magnesi ndiyo inayoliwa.

Kupunguza mwendo

Basi suala lote ni mashindano ya mwendo. Bamba lapaswa kushika imara kwa kiasi cha wiki 12 hivi, mfupa ukiunga, na gesi itoke polepole kiasi ambacho mwili waweza kuiondoa. Wataalamu hufuata njia nne.

Kwanza, kuisafisha magnesi, kwani chembe za chuma, nikeli au shaba, hata zikiwa chache sana, huwa betri ndogo ndogo ndani ya metali yenyewe. Pili, kuichanganya na metali nyingine, kama vile kalisi, zinki au itiriamu, kwa kipimo kidogo. Aluminiamu, itumikayo sana viwandani, huepukwa kwa kuhofiwa kudhuru neva. Tatu, kuisukuma ikiwa moto katika tundu jembamba, ili punje zake ziwe ndogo na metali iwe imara zaidi. Nne, kuipaka utando, kwa mfano wa fosfati ya kalisi, ambayo ni jamaa ya madini ya mfupa.

Juhudi hizo zimeanza kuzaa matunda. Mwaka 2013 madaktari wa Hannover, Ujerumani, walitangaza jaribio la wagonjwa 26 waliopasuliwa kunyoosha kidole gumba cha mguu. Nusu yao walitiwa skrubu za aloi ya magnesi, nusu za titani. Baada ya miezi 6 matokeo yalilingana. Hata hivyo, kwa mifupa mirefu ibebayo uzito wa mwili, titani na chuma cha pua vingali vikitegemewa.

Jaribio la darasani

Chukua vipande vitatu vya utepe wa magnesi, uvisugue kwa msasa. Kimoja kitie katika maji safi, cha pili katika maji ya chumvi, na cha tatu kizungushie msumari wa chuma kabla ya kukitia katika maji ya chumvi. Usikaribishe moto, kwani haidrojeni hulipuka. Angalia viputo kwa siku chache: katika glasi ya tatu utaona kile kilichoupata mguu wa kijana wa Lambotte.