Kansere ya Ovari Ndani ya Ukoo: Kweli au Si Kweli?

Kasungami, kama kwingineko Lubumbashi, mama akifa tumbo likiwa limevimba, kisha binti yake akaugua vilevile, kilio hugeuka upesi kuwa msako wa mchawi. Tupime maneno sita yanayosemwa juu ya kansere ya ovari, yaani ya vifuko vya mayai ya mwanamke.

"Ndugu wawili kwa ugonjwa mmoja? Kuna mkono wa mtu."
Si kweli. Jeni za BRCA1 na BRCA2, zilizotambuliwa mwaka 1994 na 1995, husaidia seli kurekebisha uharibifu wake. Mojawapo ikirithiwa ikiwa na hitilafu, hatari hupanda. Kwa kawaida, kati ya wanawake 100, mmoja hivi hupata kansere hii maishani. Kati ya 100 wenye hitilafu ya BRCA1, kama 44 huipata kufikia umri wa miaka 80. Ya BRCA2, kama 17. Bibi mzee anayenyooshewa kidole hana kosa.

"Hurithiwa kwa mama tu."
Si kweli. Walamba huhesabu ukoo kwa mama, Waluba wa Katanga kwa baba. Jeni yenye hitilafu haifuati desturi ya yeyote. Baba anaweza kuibeba bila kuugua na kumpa binti yake. Kila mtoto wa mwenye hitilafu, wa kike au wa kiume, ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi. Basi waulizie na shangazi zako.

"Mwenye hitilafu lazima ataugua."
Si kweli. Hata kwa BRCA1, zaidi ya nusu hawapati kansere ya ovari. Na wengi wanaoipata hawakurithi hitilafu yoyote kati ya hizo.

"Hayo ni ya Wazungu."
Si kweli. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulizikuta hitilafu za BRCA1 na BRCA2 kwa wanawake wa Uganda na Kameruni wenye kansere ya matiti. Jeni hizohizo huhatarisha matiti pia. Kwa hiyo shangazi aliyekufa kwa kansere ya titi akiwa kijana naye ahesabiwe.

"Nilipimwa shingo ya kizazi, niko salama."
Si kweli. Kipimo hicho hakioni ovari. Zishike dalili: tumbo kujaa, kushiba kwa matonge machache ya bukari, maumivu ya nyonga, kukojoa mara kwa mara. Zikirudi karibu kila siku kwa wiki kadhaa, usingoje. Muone daktari, uombe ekografi.

"Hatari inaweza kupunguzwa."
Kweli. Mwenye hitilafu aliyemaliza kuzaa anaweza kuondolewa ovari na mirija yake, kwa kawaida kati ya miaka 35 na 40 kwa BRCA1, na 40 hadi 45 kwa BRCA2. Hatari hushuka kwa asilimia 80 hivi. Lakini hatazaa tena, na hedhi hukoma mapema. Ni uamuzi wa kuchukua pamoja na daktari.

Mama, baba: waambieni watoto jina la ugonjwa uliomuua bibi yao. Andikeni nani aliugua nini, akiwa na umri gani, pande zote mbili. Karatasi hiyo mpelekeeni daktari wa wanawake, Hospitali ya Sendwe au kwingine. Kumsaka mchawi huvunja ukoo. Karatasi hiyo inaweza kumwokoa binti yenu.