Jina la Tovuti Husomwa Kutoka Mwisho

Leo nimeonelea niandike juu ya kitu tunachokiona kila siku kwenye simu na kule saiba, lakini ni wachache waliowahi kuuliza maana yake. Nacho ni yale majina yenye nukta nukta: meru.go.ke, embuni.ac.ke na kadhalika. Haya huitwa majina ya vikoa. Kwa nini yana nukta? Na hiyo "ke" ya mwisho ni ya nini?

Kwanza tuelewane. Kompyuta hazijuani kwa majina. Kila moja iliyo kwenye intaneti ina nambari yake, kama simu. Sisi binadamu nambari hutuponyoka, jina ndilo hukaa kichwani. Zamani, mtandao ulipokuwa mdogo huko Marekani, majina yote na nambari zake yaliandikwa katika orodha moja, iliyotunzwa na taasisi moja ya utafiti huko California. Kompyuta zilipoongezeka, orodha ikawa mzigo. Mwaka wa 1983 Paul Mockapetris akabuni mpango mwingine: pasiwe na daftari moja la majina yote, bali kila ngazi iwajue walio chini yake tu.

Mpango huu si mgeni kwetu. Chukua mtu anayemtafuta mzee Njeru hapa Embu. Wako kina Njeru wangapi? Usijaribu kuhesabu! Lakini akiijua lokesheni atakwenda kwa chifu. Chifu atamtuma kwa naibu wake, naibu atamtuma kwa mzee wa kijiji, na mzee wa kijiji atamwonyesha mlango. Basi ukiandika embu.go.ke, simu yako humtuma tarishi, yaani seva ya kampuni inayokupa intaneti. Tarishi huenda kwanza kwa seva za mzizi, zilizo juu kabisa, akauliza: "Ke iko kwa nani?" Akishaelekezwa, huwauliza walinzi wa ke habari za go.ke na za embu, hadi apewe nambari yenyewe. Yote haya huisha kabla hujapepesa jicho. Tena yeye si mjinga, jibu hulihifadhi kwa muda ili asiwasumbue wakubwa kila mara.

Mmeona alikoanzia? Alianza mwisho wa jina. Hata bahasha ya barua ni hivyo hivyo: jina la mtu, sanduku la posta, Embu, Kenya. Karani wa posta aliye London hana haja na sanduku lako, yeye hutazama Kenya kwanza.

Ke ni sisi. Nchi nyingi zina herufi mbili zake zilizotoka katika orodha ya kimataifa: Tanzania ni tz, Uganda ni ug. Yetu iliandikishwa tarehe 29 Aprili 1993. Wakati huo msimamizi kwa upande wa Kenya alikuwa Dkt. Shem Ochuodho, na ufundi ulikuwa mikononi mwa Mmarekani, Randy Bush. Mwaka wa 2002 ikaidhinishwa kwamba ke ikabidhiwe shirika la hapa nchini, KENIC, ambalo ndilo huitunza hadi leo. Nchi ikibadilika jina, herufi nazo huweza kubadilika. Zaire ilikuwa zr, ikawa Kongo mwaka wa 1997, na sasa ni cd. Nao Tuvalu, visiwa vidogo vya Pasifiki, bahati iliwaangukia herufi tv, na wanazikodisha kwa wenye televisheni duniani kote. Biashara tamu hiyo!

Ndani ya ke kuna vyumba. Go.ke ni cha serikali, na si kila mtu hufunguliwa. Ac.ke ni cha taasisi za elimu ya juu, ndiyo maana Chuo Kikuu cha Embu ni embuni.ac.ke na kile cha Meru cha Sayansi na Teknolojia ni must.ac.ke. Co.ke ni cha wafanyabiashara. Tangu 2017 mtu anaweza pia kupata jina linaloishia kwa ke moja kwa moja, bila chumba.

Sasa hapa ndipo nilipotaka kufika. Mwaka jana jirani yetu, mama anayeuza mboga, alitumiwa kiungo cha kuomba basari ya mtoto wake. Aliagizwa atume shilingi 500 za "usajili". Alipoona embu na go na ke, moyo ukatulia, akatuma. Basari hakuiona, wala pesa hakurudishiwa. Anwani yenyewe ilikuwa na sura kama hii, ambayo nimeibuni mimi, msiifungue: embu.go.ke.basari-haraka.com. Ianzeni kulia. Mwisho ni com, ambako yeyote duniani hununua jina akiwa na pesa. Kisha basari-haraka, huyo ndiye mwenye boma. Yaliyo kushoto kwake huandika apendavyo, kama vile mtu alivyo huru kumwita ndama wake Gavana. Kaunti haimo kabisa!

Anwani ikiwa ndefu, tafuteni alama ya mkwaju (/) ya kwanza baada ya jina, halafu mrudi nyuma kutoka hapo. Ila msidhani kila ofisi ya umma iko go.ke. Baraza la Mitihani ni knec.ac.ke, na mikopo ya vyuo vikuu ni helb.co.ke. Co.ke peke yake haithibitishi kitu, kwani hata tapeli aweza kuilipia.

Shule nazo zina chumba chao, sc.ke. Jina halinunuliwi mara moja likaisha, hulipiwa ada kila mara muda wake unapokwisha. Lisipolipiwa hufungwa, na baadaye mwingine aweza kulichukua. Kwa hivyo mkiiona anwani ya tovuti kwenye kalenda kuukuu ukutani, ulizeni kwanza kama bado ni ya wenyewe.