Motokaa Kuukuu Inapoishiwa na Nguvu Katika Mwendo wa Kasi

Motokaa za Peugeot 504 zilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka wa 1968, na baadhi yake zingali zikitembea katika barabara za Kenya. Gari kuukuu la namna hii huweza kuwaka upesi na kwenda vizuri mjini. Lakini likiingia barabara kuu ya Mombasa na kufikia mwendo wa kilomita 90 kwa saa, nguvu hufifia, ijapokuwa dereva amekanyaga mafuta mpaka mwisho. Ni hatari kubwa ikiwa amekwisha kuanza kulipita lori, na mbele basi laja.

Mwenye gari asikubali injini ifunguliwe kabla njia ya petroli haijapimwa. Katika mwendo wa polepole injini hunywa petroli kidogo, na hata chujio lililojaa taka huipitisha ya kutosha. Mwendo ukizidi, kinachopita hakitoshi, na bakuli la kabureta hukauka. Dalili yake ni kwamba gari likipumzishwa dakika chache nguvu hurudi, kwa kuwa bakuli limejaa tena.

Kwanza kitazamwe kifuniko cha tangi. Petroli inapotoka, hewa haina budi kuingia mahali pake. Njia ya hewa ikiziba kwa vumbi, pampu hushindwa kuvuta. Shida itokeapo, dereva asimame mahali pa salama, afungue kifuniko na kusikiliza. Akisikia hewa ikivutwa ndani kwa nguvu, na gari likapona, amepata sababu. Jaribio hili halina gharama hata senti moja, na ni ajabu kwamba mara nyingi huachwa mpaka mwisho.

Baadaye libadilishwe chujio, kisha pampu ipimwe, injini ikiwa baridi, mbali na moto na sigara.

Gari likistukastuka na kukohoa ghafula, zitazamwe plagi, pointi na kondensa. Injini ikinguruma zaidi bila mwendo kuongezeka, klachi yateleza. Gurudumu moja likiwa la moto kuliko mengine, breki imeshika.

Si kila upungufu ni ugonjwa. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na injini ya kabureta hupoteza kadiri ya sehemu moja katika kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000, kwa sababu hewa ni nyepesi. Lakini upungufu huo haungoji mwendo wa kasi, wala hauondoki kwa kupumzisha gari.